Chai ya Msamvu, Mdalasini wa Mkuyuni

Msikilizaji, leo nakuomba tukae kidogo kwenye kiti cha plastiki. Umeteremka kwenye basi, miguu imekufa ganzi, kondakta ametangaza dakika kumi na tano. Wenzako wamekimbilia kuchimba dawa. Wewe umetafuta meza yenye kivuli, umekaa, unangoja mtu aje akuulize utakunywa nini. Mazungumzo yangu ya leo yanahusu dakika hizo kumi na tano, kikombe cha chai kitakacholetwa, na mtu atakayekileta.

Nimezunguka na kinasa sauti begani miaka mingi, na viti hivyo nimevikalia Korogwe, Singida, Makambako, Mafinga na kwingineko. Nina desturi moja ambayo wenzangu wa safari wameshaizoea: nikifika mji, kabla sijaulizia nyumba ya kulala, naulizia chai. Hata kama sina kiu. Chai ndiyo inayonionyesha mji ule unampokeaje mtu asiye na mwenyeji. Na mji nilioukalia chai mara nyingi kuliko yote ni Morogoro, kwa kuwa msafiri wa bara ni shida kuukwepa. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 190 hivi, unafika Msamvu, na pale barabara inagawanyika: moja inakwenda Dodoma na kuendelea hadi Kanda ya Ziwa, nyingine inashika Mikumi, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma. Ukiinua macho juu ya paa za stendi, upande wa kusini, unaiona milima ya Uluguru imesimama, mara nyingi imejifunika wingu mabegani.

Sina daftari la alama wala mizani ya kupimia chai. Naanza na chupa. Chupa ya chai ikifunguliwa karibu yako inasema ukweli kabla mhudumu hajafungua kinywa. Chai iliyochemshwa alfajiri ikafungiwa humo mpaka saa sita mchana inatoa harufu ya kizibo, na maziwa yake yamefanya utando juu. Kisha nauliza swali moja, kwa sauti ya chini, maana sipendi kumtega mtu mbele ya wateja wengine: “Dada, chai yenu imetiwa nini?” Majibu niliyopata mpaka leo ni mengi. “Ni chai tu, baba.” “Ya maziwa.” “Sijui, anayepika ni mwingine.” Na siku moja, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko kuu la Morogoro, hili linaloitwa sasa Soko la Chifu Kingalu, binti mmoja alinijibu bila kusitasita: “Tangawizi na mdalasini. Iliki imeisha jana, leo bado hawajaleta.”

Nikavuta kiti. Mtu anayeniambia iliki imeisha jana amenihudumia kuliko yule aliyenitandikia kitambaa cheupe mezani huku hajui kilichomo kwenye birika lake. Tabasamu nalipenda, meza iliyofutwa naipenda zaidi, na maji ya kunawa yakiletwa kabla sijayaomba nashukuru kwa moyo wote. Lakini kwangu mimi huduma inaanza kwa kujua unachomimina. Anayejua hatakudanganya, hatakupimia majibu, na chai ikiwa imelala atakwambia ngoja kidogo, tunachemsha nyingine.

Kuna jambo jingine ninaloliangalia, nalo sihitaji kumuuliza mtu. Natazama mbeba mizigo. Kila stendi ina vijana wa mikokoteni, jasho linawatiririka, wana shilingi mia tano mkononi na wana haraka kuliko abiria yeyote. Kijana yule akiingia na kusema “mama, chai ya rangi na maandazi mawili,” anajibiwaje? Anaitwa kwa heshima, au anapewa kikombe kilichopasuka mdomo na kuambiwa akanywee nje? Nimewahi kuondoka mahali penye chai nzuri kabisa kwa sababu ya jibu moja alilopewa kijana wa mkokoteni. Sikuaga.

Sasa nieleze kwa nini lile swali la “imetiwa nini” lina uzito Morogoro kuliko mji mwingine ninaoujua. Chukua kikombe kimoja cha chai ya maziwa, ukifuate kilikotoka. Sukari: mkoa huu una viwanda vya Kilombero na Mtibwa, na mashamba ya miwa unayaona kwa macho. Maziwa: wafugaji wa Mvomero na Kilosa wanakamua, na asubuhi pikipiki zinaingia mjini na madumu yamefungwa pande zote mbili. Maji yanashuka mlimani. Hata Dar es Salaam inakunywa Uluguru kwa sababu mto Ruvu unaanzia huko. Viungo ndivyo vinavyonifanya nizungumze leo. Mteremko wa mashariki wa Uluguru, unaopokea upepo wenye mvua kutoka bahari ya Hindi, ni shamba la mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki: Kiroka, Mkuyuni, Kinole, Tawa, Matombo. Tangawizi nayo ipo huko huko. Kinole ndiko kwao akina Chifu Kingalu ambao soko la mjini limebeba jina lao.

Kitu pekee ambacho ni mgeni ndani ya kikombe hicho ni majani ya chai yenyewe. Wajerumani walijaribu kuotesha chai kule Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na leo chai ya Tanzania inatoka Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe. Ile ya nyanda za juu kusini ikipelekwa pwani kwa lori, njia yake ni hii hii ya Msamvu. Kwa hiyo majani yanapita mlangoni, sukari ni ya nyumbani, maziwa ni ya nyumbani, maji ni ya mlimani, na gome la mdalasini liko mwendo usiozidi saa mbili kwa gari. Mji gani mwingine umejaliwa hivyo?

Lakini niliwahi kukaa usiku mmoja kwenye hoteli ya hadhi pale mjini. Jina lake nitalihifadhi. Asubuhi nikaagiza chai ya viungo. Ikaletwa birika ya chuma inayong'aa, ndani yake maji ya moto kiasi, kikombe kitupu, kifuko cha majani chenye uzi, na kijikaratasi cha unga wa viungo uliosagwa na kufungwa nje ya nchi. Maziwa yalikuwa ya unga. Dirisha la ukumbi lilikuwa kubwa, pazia limefunguliwa, na mlima wote ulikuwa pale mbele yangu, kijani kibichi baada ya mvua ya usiku. Nikamwuliza mhudumu kama wana mdalasini wa kawaida, gome. Alikuwa kijana mpole sana, alinitolea “shikamoo” yake kwa adabu, akaenda jikoni, akarudi akasema samahani mzee, tunatumia huu wa paketi tu.

Simlaumu yule kijana hata chembe. Amefundishwa kushika trei na kuinama kidogo, na anafanya hivyo vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinachouzwa mle ndani kwa bei mara kadhaa ya kibandani kinaota mlimani kwao. Lawama yangu ni kwa anayeandika orodha ya manunuzi. Tena kuna kosa la ufundi. Majani yetu mengi yamesagwa na kukunjwa kuwa chembe ndogo ndogo, yametengenezwa ili yatoe rangi na nguvu upesi, lakini yanataka maji yanayotokota. Maji yaliyokaa kwenye birika nusu saa yanakupa rangi ya chai bila chai yenyewe. Ukitia na maziwa ya unga juu yake umebaki na kitu cha uvuguvugu ambacho hata mgonjwa hangekitaka.

Mchana wa siku ile nikapanda gari la abiria kwenda Mkuyuni. Unapita Bigwa, unaanza kukwea kuelekea Kiroka, barabara inajipinda, migomba inakusogelea dirishani, na hewa inabadilika. Joto la mjini linabaki nyuma na inaingia harufu ya majani yaliyolowa. Nilipoteremka nilielekezwa kwa mama mmoja anayeuza chai pembeni ya barabara. Hana ubao wenye jina. Ana mafiga matatu, sufuria mbili, benchi la mbao na meza yenye kitambaa cha maua. Umri wake nadhani umepita sitini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali, keti kwanza. Chai inachelewa kidogo.”

Inachelewa kidogo. Msikilizaji, nilifurahi kusikia maneno yale, maana chai ambayo haichelewi imepikwa kabla hujafika. Nikakaa nikamtazama, na nitakusimulia alivyofanya kwa sababu nadhani kila mwenye mgahawa kando ya barabara kuu angefaidika kukaa lile benchi.

Alianza na maji peke yake. Akavunja gome la mdalasini, kipande kirefu kama kidole, akalitupa ndani yakiwa bado baridi, akafunika. Gome ni mti, aliniambia, halitoi kitu kwa kuamrishwa. Yalipoanza kuchemka akatwanga tangawizi kwenye kinu kidogo, akaitia, akaacha itokote sana. Maziwa yalikuwa kwenye kibuyu cha plastiki pembeni, akayaacha. Nikamwuliza kwa nini asichanganye vyote apunguze kazi. Akacheka. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijaiva kwenye maji, maziwa yanakatika, yanakuwa mabonge. Ni kweli kabisa, na wapishi wengi wa mjini wanaotupa sufuria nzima ya maziwa yaliyokatika wanalaumu muuza maziwa kumbe kosa ni la mpangilio. Maziwa yakafuata, yakapanda, akayashusha kwa upawa, yakapanda tena. Majani ya chai aliyatia mwishoni, mkono mmoja, dakika chache tu. Kisha akafikicha punje mbili za iliki kwenye kiganja, akazitupa ndani, akafunika, akaondoa sufuria motoni papo hapo. Iliki ukiichemsha sana harufu yote inaondoka na mvuke. Majirani wanainusa, mteja haipati.

Alinimiminia kwenye kikombe cha bati. Vitafunwa vyake havikuwa maandazi bali magimbi ya kuchemsha, yametolewa shambani asubuhi. Nimekunywa chai katika miji mingi, lakini sijapata tena mdalasini unaokuja mwanzo kama utamu na mwisho kama joto kooni, bila ukali wowote. Nilimwuliza anaununua wapi. Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba.

Miti ilikuwa pale, majani yake machanga mekundu. Aliniambia wanaumenya msimu wa mvua, wakati gome linaachia bila kung'ang'ania. Mti unakatwa, gome la nje linakwanguliwa, la ndani linabanduliwa kwa kisu na kuanikwa, na likikauka linajikunja lenyewe. Kisiki kinachipua tena. Nilimwuliza kuhusu bei, akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Wachuuzi wanakuja na mizani yao, wanakuta mtu ana ada ya shule ya kulipa au mgonjwa ndani, na mti unamenywa kabla haujakomaa. Gunia linashuka mlimani. Halafu, alisema, mtoto wake aliwahi kumletea kutoka mjini kijikopo cha mdalasini wa unga, zawadi, na alipoufungua ulikuwa umeshapoteza harufu.

Mwaka hadi mwaka, kwenye maonyesho ya Nanenane pale Morogoro, nakuta viungo vya Uluguru vimepangwa vizuri kwenye meza, mdalasini umefungwa utepe, karafuu kwenye visahani. Watu wanapiga picha. Kisha saa nne ikifika wageni wanapelekwa kunywa chai, nami huwa nafuata nione imetiwa nini. Nimekuta tangawizi mara kadhaa. Mdalasini wa mezani pale, gome lile lenyewe, sijaukuta kwenye chupa hata mara moja. Soko la mbali tunalitafuta kwa bidii na ni sawa tulitafute, lakini mnunuzi wa kwanza wa mkulima wa Kinole alipaswa kuwa mwenye mgahawa wa Msamvu anayechemsha sufuria sita kwa siku. Mgahawa mmoja unaotia vipande vitatu vya gome kila sufuria, siku zote za mwaka, ni mteja wa kudumu. Haji na gari mara moja kwa msimu, kwa hiyo mkulima hana haja ya kumenya mti mchanga ili amuwahi.

Upande wa pili wa mlima, Mgeta, mambo ni mengine. Huko ni nchi ya kabichi, karoti na njegere, matuta yamekatwa kwenye mteremko mpaka unajiuliza mtu anasimamaje kulima. Ni baridi. Soko la Nyandira asubuhi na mapema, wanaume wamevaa makoti, wanawake wamejifunga vitenge viwili viwili, na mikono yote imezungushwa vikombe. Nilipewa chai nzito yenye ladha niliyoshindwa kuitambua, nikauliza. Maziwa ya mbuzi. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei, na wakaipenda ile baridi, wakazaana, na sasa kuna nyumba ambazo mbuzi ndiye ng'ombe wao. Muuzaji alikuwa kaka wa makamo. Alinieleza jina la kijiji maziwa yalikotoka na saa yaliyokamuliwa. Nikamwongezea kikombe cha pili kwenye hesabu kabla hata sijamaliza cha kwanza.

Na huko juu kuna jambo la kisayansi ambalo wapishi wake wanalijua kwa mikono. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa joto lililopungua nyuzi moja. Kwenye vijiji vya juu vya Mgeta maji yanatokota yakiwa na nyuzi 95 au chini yake, kwa hiyo majani yanataka muda mrefu zaidi motoni, na kifuko cha uzi kwenye kikombe hakifai kabisa. Ndiyo maana chai ya huko inapikwa taratibu, sufuria imefunikwa, kuni zimepunguzwa. Mgeni mwenye haraka anaona wanamchelewesha.

Niruhusu niseme jambo linaloniuma, kwa sababu nikilificha nitakuwa nimesifia tu. Sukari. Kwetu chai inatiwa sukari sufuriani, kwa wote, bila kuulizana. Tulioishi miaka ya mwanzo ya 1980, sukari ikiwa ya foleni na kipimo, tunaelewa ilivyogeuka kuwa alama ya ukarimu: kumpa mgeni chai isiyo tamu ilikuwa aibu ya nyumba. Lakini wakati umebadilika. Marehemu mama yangu alikuwa na kisukari. Nilisafiri naye kutoka Iringa kwenda kliniki Dar es Salaam, tukateremka kula njiani kwenye mgahawa mkubwa ambao mabasi yanasimama, akaomba chai isiyo na sukari. Mhudumu akasema hakuna, yote imeshatiwa. Mama akaomba basi maji ya moto. Akaambiwa maji ya moto hayauzwi. Alinyamaza, akakunja khanga yake vizuri magotini, akakaa hivyo mpaka honi ya basi ikalia. Safari nzima iliyobaki nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka.

Safari ya kurudi tulisimama Morogoro kwa sababu basi liliharibika. Nilimpeleka mama kwenye kibanda kando ya barabara, nikaeleza hali yake kabla hatujakaa. Yule dada mwenye kibanda alimwambia, “Bibi, nakuchemshia yako peke yako,” akachukua kisufuria kidogo, akachuma mchaichai uliokuwa umeota pembeni ya mtaro wake wa maji, akachemsha, akaongeza tangawizi. Alimletea na kisahani chenye ndizi ya kuchoma. Alipotaka kulipwa alidai bei ile ile ya kikombe. Mama alizungumza habari ya chai ile miezi mingi. Tangu hapo, nikikuta mahali wanapouliza “sukari niweke au unaweka mwenyewe?” kabla ya kumimina, alama zao zinapanda juu sana kwangu, hata kama kiti ni bovu.

Ile migahawa ya kusimama mabasi ina shida yake nyingine. Katika barabara kuu nyingi dereva na kondakta wanakula bure chumba cha nyuma, na hilo ndilo linaloamua basi lisimame wapi. Abiria hakuchagua. Asipochagua, hana cha kumfanya mwenye mgahawa; leo atakunywa chai mbovu, kesho basi jingine linaleta abiria wengine sitini. Ndiyo maana chai mbaya kuliko zote mara nyingi utaikuta mahali penye wateja wengi kuliko wote.

Lakini njia zinabadilika. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kwa vizazi vingi treni iliposimama stesheni akina mama walikuwa dirishani na mabirika na vikapu. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na sasa unafika kabla saa mbili hazijaisha, madirisha yamefungwa, baridi ya mashine inakupuliza usoni. Mtu huyo hateremki kwa sababu miguu imekufa ganzi wala kwa sababu kondakta amempangia. Anateremka Morogoro kwa kuwa amependa kuja: kupanda mlima mpaka Morningside, kumtembelea mtoto chuoni, au kupumzika siku mbili mbali na joto la pwani. Anaingia mgahawa anaoutaka yeye. Nadhani ni mara ya kwanza kwa muda mrefu mwenye mgahawa wa Morogoro ana mteja anayeweza kuinuka na kwenda mlango wa pili, na mwenye chai nzuri ana sababu ya kuendelea kujisumbua na kinu chake.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Msamvu tena, njiani kwenda Iringa. Nilikuwa na saa nzima mkononi. Mfukoni nilikuwa na kipande cha gome kutoka kwa yule mama wa Mkuyuni. Nilikuwa nimepita kwake siku iliyotangulia na akanifungia vipande vinne kwenye gazeti. Nikaingia mgahawa wa kawaida, nikaagiza chai ya maziwa, nikauliza swali langu. Binti aliyekuja, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, akasema ina tangawizi ya unga. Ilikuwa ya moto na safi, kikombe kimeoshwa vizuri, na aliniletea maji ya kunawa mwenyewe. Nilimpa lile gome, nikamwambia anuse.

Alinusa, akafumba macho kidogo.

“Huu si wa dukani, baba. Huu umetoka wapi?”

Nikamwambia Mkuyuni.

“Kwetu ni Kinole,” akasema. “Bibi yangu mzaa mama anayo miti nyuma ya nyumba. Sisi shamba tunarithi upande wa mama, kwa hiyo siku moja itakuwa yangu na dada zangu.”

Nikamwuliza kwa nini basi hapa jikoni hawatii mdalasini.

Alitazama sufuria, akatazama kile kipande mkononi mwake. “Hakuna aliyewahi kuuliza,” akasema. Kisha akauliza kama anaweza kubaki nacho, na nilipoitikia akaenda nacho jikoni. Nilikuwa nimeshalipa na nakaribia mlango niliposikia anamwambia mpishi atie sasa hivi, maji yakiwa bado baridi.